Mkataba wa Pastory

Dada yangu Marsiana hajawahi kuniomba kitu mara mbili. Akikuomba ukakataa, basi, habari hiyo hutaisikia tena mpaka umkute ameshaifanya mwenyewe. Ningekumbuka hilo mwaka huu ningejiepusha na mengi. Lakini mimi Rozalia mdomo wangu hauna breki, wote Kibirizi wanajua, na nilipoanza kusema sikuacha mpaka mambo yakafika yalipofika.

Sisi ni watu wa Kalinzi, kule juu kwenye kahawa na migomba. Marsiana alishuka huku ziwani, Kibirizi, akiwa na miaka ishirini na sita. Mumewe Feliksi alikuwa amekufa kwa homa, mtoto wao Pastory yuko mgongoni, na kichwani kabeba meza. Meza nzima ya mninga, kwa sababu shemeji zake walisema vyombo vyote vinabaki, naye akasema hii habaki nayo mtu. Alitembea nayo mpaka barabarani akapanda lori la ndizi. Naitaja meza hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuja kuwekewa kile kisanduku cha intaneti.

Alianza na kuanika dagaa za watu, kulipwa kwa debe, hadi akawa anaanika zake. Akajenga vyumba viwili pale mwinuko unapoanzia, juu kidogo ya gati la maboti. Mimi nilimfuata miaka mitatu baadaye, nikaingia kwenye kuuza, maana yeye kuuza hawezi. Mteja akimwuliza bei anaitaja mara moja halafu ananyamaza, na mteja akijaribu kupunguziwa anamwangalia tu. Tulikuwa tunakaa pamoja sokoni siku nzima, mimi naongea kwa niaba ya wawili.

Pastory alitoka kwa baba yake, sijui, maana kwa mama yake hakutoka. Huyo alikuwa mwongeaji. Alikulia kwenye maboti yanayokwenda vijiji vya kaskazini, kwanza akibeba mizigo, halafu akawa mtu wa mashine, na mwisho tajiri wake akamwachia boti moja ndogo aiendeshe mwenyewe. Wanakwenda Mwamgongo na sabuni, chumvi na sukari, wanarudi na madumu ya mawese. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, hajaoa, na kila nikimwuliza lini ataoa ananiambia, "Mama mdogo, mimi nimeshaoa boti, nayo ina wivu."

Ni yeye aliyeleta intaneti nyumbani. Mkataba wa miaka miwili, kwa jina lake, kwa namba yake ya kitambulisho cha NIDA na kidole chake. Nilimcheka. Nikamwambia mama yako anaanika dagaa, hiyo waifai ataianika wapi. Lakini alikuwa na sababu yake, na lazima niieleze vizuri, kwa sababu kila kilichofuata kilitoka hapo.

Ukishaliacha gati ukapita Kalalangabo kwenda kaskazini, simu inakatikakatika mpaka inakufa kabisa. Na Pastory akiwa kwenye boti hawezi kufunga mdomo. Basi alikuwa anamrekodia mama yake sauti kwenye WhatsApp: leo kuna abiria kapakia mbuzi na mbuzi anamtapikia mwalimu, leo mawimbi yako hivi, leo nimeona nyani wamekaa ufukweni kama wajumbe wa kikao. Ujumbe hauendi, unabaki kwenye simu na kale kasaa kadogo pembeni. Bando hanunui, kwenye bando alikuwa bahili kweli. Boti ikishafunga gatini, pale chini ya nyumba, simu yake inaikamata waifai ya nyumbani yenyewe, na zile sauti zote zinaingia kwa mama yake kwa mpigo mmoja. Sita, saba. Ya mwisho ilikuwa ileile kila siku: "Mama, nimefika. Weka maji."

Na Marsiana anainuka, anateka maji ya kuoga, anayaweka motoni. Kupakua madumu kunachukua kama saa nzima. Pastory akipanda kwenda nyumbani maji yanakuwa tayari, na mama yake amekaa mezani anasikiliza hadithi ya mbuzi kwa mara ya pili, bila kucheka, lakini anasikiliza. Hata jina la ile waifai alimwandikia yeye. Ukifungua simu pale gatini unaliona: KWA MARSIANA. Wapagazi walikuwa wanamsumbua Pastory awape neno la siri na yeye anawakatalia.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mchana, mvua ilitanda kutoka upande wa Kongo. Radi za huku si za kuchezea, na mtu yeyote mwenye akili zake akiona giza linakuja anachomoa kila kitu ukutani. Tulichomoa wote. Mimi nilichomoa friji, jirani akachomoa redio. Marsiana akachomoa kile kisanduku, akakifunika kwa kitenge. Upepo ulipiga kwa muda wa kama saa mbili hivi. Mvua ilipokatika akakichomeka tena, ilikuwa jioni, saa kumi na mbili imepita, akakaa na simu mkononi.

Hakikuingia kitu.

Boti haikurudi, na siku ya tatu miili ya vijana wawili waliokuwa na Pastory botini ilipatikana, mmoja Kalalangabo na mwingine karibu zaidi na mjini. Madumu ya mawese yalifika ufukweni karibu yote, yakaokotwa, yakarudishwa kwa tajiri. Pastory hakupatikana. Wapiga mbizi walikuja, maboti yalizunguka wiki nzima, na ziwa hili ni refu kwenda chini kuliko macho ya mtu. Hata ndala yake hatukuiona.

Watu walikuja kukaa msiba kama ilivyo desturi. Marsiana aliwapokea mlangoni, akawapikia chai, halafu akawaambia, "Karibuni mkae, lakini kwangu msilie." Mtu hukaaje msiba bila kulia? Walikaa kidogo, wakanywa chai, wakaondoka mmoja mmoja.

Kuanzia hapo dada yangu akawa mtu wa kukaa na ile taa. Kisanduku kina taa ndogo ya kijani, basi yeye anaiangalia hiyo. Dagaa zikinyeshewa zimenyeshewa. Sokoni anakuja asubuhi, saa tisa anarudi, maana saa kumi na moja, saa ya boti kufunga, lazima awe mezani. Kila mwezi analipia intaneti kabla ya kununua unga. Na ile kampuni nayo, kwa kuwa Pastory aliandikisha namba ya mama yake kama namba ya pili, ikawa inamletea ujumbe: Ndugu Pastory, furahia wikiendi na sisi. Ndugu Pastory, tumekukumbuka. Siku moja niliusoma huo wa tumekukumbuka nikataka kuitupa simu ziwani.

Miezi mitano nilivumilia. Wa sita nikamwambia, "Dada, hii intaneti hutumii hata kidogo. Twende tukaifunge."

"Nasubiri," akasema.

"Unasubiri nini?"

"Alinirekodia. Siku ile alinirekodia, lazima. Zipo kwenye simu yake."

Nikamwambia simu iko majini, dada. Akasema watu huokota simu. Mtu akiiokota akaikausha, akaichaji, akapita nayo gatini, itaikamata waifai yenyewe na sauti zitaingia. Alikuwa amelifikiria jambo hilo mpaka mwisho, amelipanga hatua kwa hatua, na nilipomsikiliza nikaogopa. Niliogopa kuliko siku boti ilipopotea, kwa sababu siku ile nilijua la kufanya, yaani kulia.

Nikamshikilia. Mimi nikimshikilia mtu hapumui. Nilimwimbia wimbo huohuo wiki tatu, asubuhi sokoni, jioni kwake, mpaka akakubali twende mjini, nadhani ili apumzishe masikio yake tu.

Ofisi ya ile kampuni iko Mwanga, hapo mjini. Binti wa kaunta aliitwa Happiness, jina limeandikwa kifuani, kucha ndefu, tabasamu halimtoki. Akatuamkia vizuri, "Shikamooni mama zangu." Nikamweleza tunataka kuvunja mkataba. Akaangalia kwenye kompyuta yake.

"Mkataba bado una miezi saba, mama. Ukivunja kabla ya muda kuna faini kidogo. Halafu lazima mteja mwenyewe aje, aweke kidole."

"Mteja amekufa."

Tabasamu likamtoka, hilo nampa. Akasema pole. Akasema mteja akifariki hakuna faini kabisa, wao wanafunga bure. "Mnatakiwa kuja na cheti cha kifo tu. Kama hakijatoka, barua ya serikali ya mtaa, ionyeshe amefariki lini na amezikwa wapi, na ndugu wa karibu asaini hapa kuthibitisha."

"Hajazikwa," nikasema. "Alizama."

"Pole sana, mama. Ila mfumo unataka sehemu ya kuzikwa. Nikiacha wazi unakataa."

Hapo nikapandwa. Nikamwuliza huo mfumo umezaliwa na nani, una mama? Watu wa foleni wakageuka. Binti wa watu macho yakamlowa, na mimi bado namshambulia, mpaka Marsiana akanishika mkono. Akamwuliza Happiness kwa upole, "Mwanangu, hiyo karatasi ya kusaini imeandikwaje?"

Happiness akamsomea. Mimi, mama wa mteja, nathibitisha kwamba mteja amefariki dunia.

Marsiana akasema asante, akatoka nje.

Hatukupanda bodaboda. Tulitembea kurudi, jua kali, na katikati ya njia akasimama chini ya ukuta wa nyumba ya mtu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Nilikichomoa mimi, Roza."

"Tulichomoa wote."

"Wewe ulichomoa friji." Akavuta pumzi. "Labda alifika. Labda alikuwa pale karibu, anaona nyumba, simu inatafuta na hakuna kitu. Siku moja tu nimefunga mlango, na siku hiyo ndiyo hiyo."

Nilimwambia yote ambayo mtu angesema. Kwamba boti ilizamia mbali, wale wenzake waliokotwa mbali, waifai haifiki hata mwisho wa gati. Kwamba intaneti haivuti mtu kutoka majini. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akaanza tena kutembea, nami nikamfuata nyuma na maneno yangu yote.

Mtu mwingine angeacha hapo. Mimi nilisema, kama ni hivyo basi kisanduku ndicho kinachomla, na kikiondoka ndani ya nyumba atapona. Niliamini hivyo. Nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, Mwenyekiti Gervasi, mzee mmoja anayeandika barua kwa mkono, polepole, na haandiki asichokijua. Nikamwomba aandike Pastory amezikwa Kibirizi.

"Kaburi liko wapi?" akauliza.

"Mwenyekiti, unajua kabisa alizama."

"Ndiyo nauliza. Naweza kuandika amezama. Kaburi ambalo halipo siwezi kuandika, mama Rozalia. Kesho mtu atakuja kuniuliza nimwonyeshe."

Nikaondoka nimenuna. Jioni nikampigia kaka yetu Leonardi, anayelinda shamba la familia kule Kalinzi, nimlalamikie tu. Akanisikiliza, akakohoa, halafu akasema, "Lakini mbona mtoto hamjamzika?"

Nikasema tumzike nini.

"Roza, umekaa ziwani mpaka umesahau. Asiyepatikana tunazika mgomba badala yake. Baba mkubwa aliyepotelea Kongo si alizikwa mgomba? Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo."

Nilikumbuka. Nilikuwa na miaka kama mitano, nilikula wali siku hiyo. Na pale pale, Mungu anisamehe, sikumfikiria Pastory kwanza. Nilifikiria ile barua.

Nikaenda kwa Marsiana. Nikamwambia, dada, mtoto hana kaburi, watu wa nyumbani wanasononeka, tumzike kwa desturi yetu, mwenyekiti ataandika, utasaini, yataisha. Nikamwambia sema neno moja tu, amekufa, useme kwa mdomo wako upumzike. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alichambua mpaka ungo mzima ukaisha, akamwaga mawe nje mlangoni.

"Fanyeni," akasema.

Nilitoka pale nikijiona nimeshinda.

Tulipanda Kalinzi siku ya Ijumaa, na Mwenyekiti Gervasi akapanda nasi, kwa nauli yake, aone kwa macho. Leonardi alikuwa ameshachimba kaburi kando ya Feliksi, mwisho wa kahawa. Mgomba ulikuwa umechaguliwa, haujakatwa. Akamwuliza Marsiana, "Mtoto alikuwa na urefu gani?"

Hapo ndipo niliposhindwa mimi. Marsiana alifungua mfuko wake akatoa suruali ya Pastory na shati, akavitandaza kwenye majani, shati juu, suruali chini, akaacha nafasi ya kichwa. Akapima kwa kiganja. Akarudisha shati nyuma kidogo, maana aliona amemwongezea. "Hapa," akasema, na Leonardi akakata mgomba hapo.

Waliuvika hizo nguo. Wakauzungushia mkeka na shuka jeupe. Ulikuwa mzito, umejaa maji, wanaume wanne waliubeba na mmoja akateleza. Katekista alisali sala zote bila kupunguza, akamtaja Pastory kwa jina la ubatizo. Kina mama wa Kalinzi walilia kwa Kiha, yoo mwana wanje, yoo mwana wanje, yaani ole mwanangu, na mimi nilijitupa chini kabisa, nililia kilio cha miezi saba. Marsiana alifanya kila alichoambiwa. Alitupa udongo alipoambiwa atupe. Aliweka ua. Machozi hakutoa, nikasema moyoni, bado, yatakuja.

Barua iliandikwa. Amefariki tarehe fulani, amezikwa Kalinzi, kando ya baba yake. Mhuri ukapigwa. Tukarudi Mwanga kwa Happiness, nikamwomba radhi kwa siku ile na akanisamehe, na Marsiana akapewa kalamu. Jina lake analiandika kwa herufi kubwa, moja moja, kwa sababu shule aliishia darasa la nne. Aliliandika lote bila kusita. Happiness akagonga kompyuta, na mfumo ukakubali.

Baada ya siku mbili alikuja kijana wa kampuni kuchukua kisanduku. Onesmo, mpole, alivua viatu mlangoni. Na hapo dada yangu, ambaye hazungumzi na wageni, alimkalisha kwenye ile meza ya mninga akampa chai akaanza kumwuliza maswali. Nilifurahi. Nilisema, huyo amefunguka, huyo anapona.

"Hivi mwanangu, simu huwa inaijuaje nyumba?"

Onesmo akamweleza kwamba simu haijui nyumba, mama, wala haijui kisanduku. Inakumbuka jina la waifai na neno la siri. Hivyo viwili vikiwa vilevile inaingia yenyewe, hata kisanduku kikiwa kingine.

"Hata baada ya muda mrefu?"

"Hata mwaka, mama. Ilimradi simu iwe nzima."

"Na kisanduku kikiwa kimechomolewa, halafu simu ikatafuta. Ukikichomeka baadaye kinaweza kukuambia kwamba kuna mtu alipita?"

Onesmo akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Nadhani alielewa. Angeweza kudanganya na mimi ningemshukuru. "Hapana, mama," akasema. "Kikiwa kimezimwa hakiandiki kitu chochote. Haiwezi kujulikana."

Marsiana akaitikia kwa kichwa taratibu, akamwongezea sukari. Akamwomba amwandikie lile neno la siri kwenye karatasi, kwa kumbukumbu tu, maana Pastory alilitunga mwenyewe. Onesmo akalisoma kwenye mipangilio ya kisanduku, akaliandika. Nilichungulia. Lilikuwa *wekamaji*, limeunganishwa, herufi ndogo.

Akachomoa kisanduku, akazungusha waya, akavitia kwenye mkoba wake. Juu ya meza pakabaki alama ya vumbi ya mraba. Nilichukua kitambaa nikaifuta mimi mwenyewe, upesi, kabla Marsiana hajaifikia.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kasulu na mzigo wa dagaa, nikachelewa huko karibu mwezi. Nilikuwa nikipiga simu, anapokea, anasema hajambo. Anakwenda sokoni, ameanika, mvua hazijamsumbua. Nilikuwa nawaambia watu wa Kasulu, dada yangu amerudi kuwa mtu. Nilimnunulia na blanketi.

Nimerudi juzi. Nimepanda kwake jioni na lile blanketi begani, nimebisha hodi, nimeingia. Nyumba imefagiliwa. Juu ya meza ya mninga kuna kisanduku kipya, kidogo kuliko kile cha kwanza, na taa yake ni ya bluu. Marsiana amekaa mbele yake, simu iko mkononi. Nikatoa yangu mfukoni nikaangalia, na jina lilikuwepo: KWA MARSIANA.

Chini ya kisanduku kulikuwa na karatasi. Nikaivuta. Mkataba wa miaka miwili, jina la mteja Marsiana, na pale chini jina lake kwa herufi kubwa, moja moja. Kumbe alikwenda peke yake. Alitumia kitambulisho chake na kidole chake mwenyewe, na Onesmo akamwekea jina lilelile na neno lilelile kama alivyomwomba. Tarehe ilikuwa siku ya pili tangu nipande gari la Kasulu.

Nilitaka kupiga kelele. Naapa nilifungua mdomo. Nikasema, "Dada, si tumemzika? Si ulisaini?"

Hakukasirika. Alinitazama vile ambavyo huwa anawatazama wateja wanaotaka kupunguziwa.

"Tulizika mgomba, Roza," akasema. "Nilisaini ule wenu ufungwe. Huu ni wangu."

Nikakaa. Blanketi nikaliweka magotini kwangu, sijui kwa nini, hata halikuwa langu. Chini gatini boti ya Mwamgongo ilikuwa inafunga, wapagazi wanaitana, madumu yanashushwa. Simu yake haikulia.

Saa kumi na moja ilipogonga, Marsiana akainuka, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji. Nikawasha moto.